Sahani Yako Ipo, Nimeifunika

Igogo, Mwanza
3 Machi 2025

Dada Modesta,

Shikamoo. Utashangaa kupata barua zama hizi za simu, lakini yako wiki ya tatu sasa haipatikani, na Paskazia ameniambia kioo kimepasuka. Basi nimerudi kwenye kalamu kama nilipokuwa bweni, ulipokuwa unanitumia barua na noti ya elfu mbili ndani ya soksi. Paskazia anavuka kwa kivuko cha Kamanga kila Jumanne na Ijumaa na mihogo yake, amekubali kuwa posta wetu. Anadai soda kila barua, na anataka ya baridi.

Mimi sijambo, Queen hajambo, anakuamkia. Sasa sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia mwisho: nakuomba ng'ombe.

Nasema wale kumi na mmoja aliowatoa shemeji Revocatus alipokuoa, ambao kwa baba mdogo Shimba wamezaana wamefika kumi na wanne. Najua wamewekwa ili nami nije nioe nao. Ndivyo tulivyolelewa, dada akiolewa ng'ombe wake wanamwolea mdogo wake. Nilimpigia baba mdogo, akanijibu kwa ukali kwamba hao ni ng'ombe wa Modesta, na bila neno lako kwa mkono wako hagusi hata mkia.

Nataka kuwauza, dada. Ngoja, usiitupe barua kwanza.

Bosi wangu Bwana Otuoma anafungua kampuni yake ya kubashiri mtandaoni. Mpaka sasa tunaitafutia wateja kampuni ya watu wa nje, tunaambulia kamisheni. Yeye anataka ya kwake, ameshaipa na jina, Sangara Bet. Nami nilidhani ni kufungua ukurasa tu na kuweka picha ya mpira. Wapi! Kuna leseni. Kuna wakili. Kuna dhamana inayokaa benki haiguswi. Mfumo wenyewe unakodishwa kutoka nje kwa dola kila mwezi, halafu uunganishwe na malipo ya simu, halafu matangazo ya redio. Na kubwa kuliko yote ni hela ya kulipa washindi, maana lazima iwepo kabla hata mteja wa kwanza hajaingia. Kwa hesabu yake inapita milioni mia nne. Ameweka rehani nyumba zake mbili, rafiki zake wa minofu ya samaki wamechangia, na sisi wafanyakazi ametubakizia kipande kidogo: milioni kumi na mbili kwa asilimia mbili.

Kumi na mbili ndiyo bei ya ng'ombe wako, nimeshauliza mnadani.

Zinarudi, dada. Mteja mzuri mmoja anaacha kama elfu tisini kwa mwezi. Tukipata elfu mbili wa namna hiyo, baada ya mwaka na nusu nakurudishia ng'ombe thelathini zizini, namuoa Queen, na wewe nakununulia cherehani ya umeme.

Nasubiri neno lako.

Mdogo wako,
Ngosha


Sengerema
11 Machi 2025

Mdogo wangu Ngosha,

Marahaba. Barua imefika inanuka mihogo. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa chini.

Sisi hatujambo. Wateja wa kushona sketi za shule wapo, nashukuru. Revocatus naye yupo na mbao zake, kazi zimepungua kidogo, ni msimu tu. Kioo cha simu nitatengeneza nikipata nafasi, wala usihangaike.

Sasa kuna mahali sijaelewa. Umeandika mteja mzuri anaacha elfu tisini kwa mwezi. Anaacha wapi? Anasahau? Maana mimi juzi mama mmoja aliacha mwavuli hapa kwa cherehani, nikamkimbiza mpaka getini hospitali nikampa. Hao wa kwenu mnawakimbiza?

Usinune. Nakutania, na pia sikutanii.

Ngosha, hao ng'ombe nawajua mmoja mmoja. Siku walipoingia zizini kwa marehemu baba nilikuwa nachungulia dirishani nalia, maana nilikuwa nakuacha na miaka kumi na minne na suruali moja. Nikawa nawahesabu wakipita. Wa kumi na moja alipoingia nikasema, haya, Ngosha ataoa. Hapo ndipo nilipofuta machozi nikatoka kwa miguu yangu mwenyewe. Wewe kwako ni milioni kumi na mbili. Kwangu mimi ni wewe unaoa.

Sijasema hapana. Nimesema nipe muda.

Nakutumia michembe ya viazi vikavu kwenye mfuko wa buluu, na maziwa mgando kwenye dumu. Mwambie Queen asiyaache kwenye joto. Ile picha yako ya Krismasi umekonda shingo. Unakulaga kweli?

Dada yako,
Modesta


Igogo, Mwanza
20 Machi 2025

Dada Modesta,

Shikamoo. Michembe imeisha siku hiyo hiyo, Queen ndiye mshitakiwa.

Kuhusu "anaacha", ni lugha ya ofisini tu. Mtu mzima anaingia na hela yake kwa hiari, anajaza mkeka wake wa mechi kumi, au anacheza kile kindege cha kwenye simu, akishinda anachukua, akishindwa inabaki. Hakuna anayeshikwa mkono. Na kuna wanaoshinda, dada! Wiki jana fundi pikipiki wa hapa Igogo kavuta laki sita, kanunulia kijiwe kizima soda.

Na kazi yangu mimi wala si ya kudanganya mtu. Mimi nawaandikia wateja wakubwa walionyamaza, wale ambao hawajaingia siku tatu nne. Kompyuta ingeweza kuwaandikia, lakini maneno ya kompyuta hayana chumvi. Mimi nawaandikia kwa simu ya kawaida, kama ndugu. Bosi anasema nina kipaji, kwamba niliowaandikia mimi wanarudi kuliko wa mtu yeyote ofisini. Sijamwambia kipaji chenyewe nimekipata kwako. Siku nikikueleza utacheka.

Kuna mmoja ananipendeza. Wengine hawajibu, wanaingia tu kucheza. Yeye kila nikimwandikia hujibu. "Asante sana, leo sijala." Au "Mungu akubariki kwa kunikumbuka." Ofisini tumempa jina Bwana Asante, maana tunaona namba tu, majina yanabaki kwa wale wenye mfumo. Hata siku wateja wakiwa wachache, namba yake ikitokea kwenye skrini tunashangilia.

Dada, muda ndio hatuna. Bwana Otuoma anafunga orodha ya wenye hisa tarehe 30 Aprili. Baada ya hapo kipande changu anapewa mtu mwingine, na mimi nitabaki kuandikiwa mshahara wa laki mbili na nusu mpaka nizeeke. Baba yake Queen ameshauliza mara mbili kama mimi ni mtu wa kuaminika. Nijibu nini?

Mdogo wako,
Ngosha


Sengerema
2 Aprili 2025

Ngosha,

Barua hii usimsomee mtu, hata Queen.

Kioo cha simu yangu hakikupasuka. Revocatus aliiuza mwezi wa pili. Alisema kuna mbao za bei nafuu zimeingia, nimwachie siku tano ataikomboa. Siku tano hizo mpaka leo. Baadaye nikaona randa ya umeme haipo kiwandani kwake, akasema kaiazimisha. Halafu msumeno. Nilidhani ni pombe, nikawa namnusa akiingia kama mbwa wa polisi. Hanuki. Anaingia ananisalimia vizuri, anasema ameshiba, analala ameangalia ukuta.

Jumamosi nilikwenda kiwandani kwake kumpelekea chai, hayupo. Nikawa natafuta mahali pa kuweka kikombe, nikasogeza kopo la misumari, ndani kuna kisimu kidogo nisichokijua. Nikakifungua. Ngosha, kuna mwanamke. Ameandikwa Kija.

Nakunakilia alivyoandika huyo Kija, maana nimekariri: "Umepotea. Sahani yako ipo, nimeifunika." Na nyingine: "Nimekaa nakungoja, chakula kitapoa." Na nyingine: "Nimekuwekea elfu tatu zako, ingia uchukue." Aingie wapi? Chumbani kwake? Na mume wangu anamjibu, "Asante sana, leo sijala." Hajala! Siku hiyo nilipika sato na mlenda, nikamwekea kichwa chote.

Wanawake wapo, sikuzaliwa jana. Ningelia nikanyamaza. Lakini hayo maneno ni ya kwangu. Unajua wewe ni ya kwangu. Miaka kumi na miwili namfunikia Revocatus sahani kwa maneno hayo hayo, na yeye kaenda kumfundisha mwanamke mwingine ayaseme. Hapo ndipo nilipokaa chini kwenye maranda.

Wewe uko mjini, na namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii, inaishia na 417. Mtafute. Sitaki ugomvi, sitaki umtukane. Mwambie tu kwamba huyo mtu ana mke anayempenda, amrudishe. Na mwambie maneno ya sahani ayaache, atafute ya kwake.

Mambo ya ng'ombe kwa leo sina kichwa nayo, unisamehe.

Modesta


Igogo, Mwanza
8 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo.

Nimeipiga ile namba. Haipatikani. Nimeuliza Igogo yote, hakuna anayemjua Kija.

Nakuapia kwa kaburi la mama, dada, hakuna mwanamke. Shemeji hana mwanamke. Usimwulize kitu na usimgombeze, mpe siku chache tu. Nitalishughulikia mwenyewe.

Kula. Usiache kula.

Ngosha


Sengerema
14 Aprili 2025

Mdogo wangu Ngosha,

Nimekusoma, nikakaa na barua yako kifuani kama mtoto. Huwezi kuapa kwa kaburi la mama kwa uongo, hilo nalijua kuliko ninavyojua jina langu. Kama umesema hakuna mwanamke, basi hakuna. Labda ni mtu wa kukopesha, labda ni mzaha wa mafundi wenzake. Sitauliza. Jana nilimpikia Revocatus, akasema ameshiba, nikamwambia kaa tu basi unitazame nikila. Akakaa. Akanitazama. Macho yakamjaa maji akasema ni moshi, na mimi siku hizi natumia gesi.

Unakumbuka tulivyoanza na sahani? Mama alikuwa ametutoka miezi miwili, wewe una miaka sita, mimi kumi na minne sijui hata ugali unaivaje. Ulikuwa ukitoka shule hurudi, unakwenda kukaa kaburini mpaka giza likaribie. Baba alitaka kukuchapa, nikamwambia mwache. Nikawa nakuwekea chako, nafunika na sahani nyingine, juu naweka jiwe kwa sababu ya paka. Ukifika mlangoni unauliza, "Ipo?" Nami nakujibu, "Sahani yako ipo, nimeifunika." Wala hukuwa unauliza chakula, nilijua. Ulikuwa unauliza kama na mimi nimekwenda.

Kwa hiyo nimewaza sana. Nimekuweka mpaka leo kama bado una miaka sita, nakufunikia hata ng'ombe. Wewe ni mwanaume sasa. Nilipopata shida, uliyesimama ni wewe. Kama hiyo biashara siipendi, na kweli siipendi, basi niseme siipendi halafu nikuamini.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili, ni ya baba mdogo Shimba. Nimeandika kwa mkono wangu, nimeweka na dole gumba ili asipate sababu: ng'ombe wote kumi na wanne, apewe Ngosha, afanye anavyoona. Uipeleke kabla ya hiyo tarehe yenu.

Kesho Paskazia anavuka na samli. Pasaka njema kwenu.

Dada yako akupendaye,
Modesta


Igogo, Mwanza
Ijumaa Kuu, 18 Aprili 2025

Dada Modesta,

Kija ni mimi.

Nimeandika hivyo kwanza ili nisipate nafasi ya kuzunguka.

Ofisini kila mwandishi ana simu moja na jina moja la kike, kwa sababu wateja wetu wengi ni wanaume na wanajibu wanawake. Mimi nilipewa Kija. Siku niliyosoma barua yako, nilipogeuza karatasi na kuona namba, simu yenyewe ilikuwa mbele yangu mezani, inachajiwa. Niliipiga kweli, dada, ili nisikuandikie uongo mtupu. Kisha nikaizima, ndiyo maana nikasema haipatikani. Ona akili ya mdogo wako ilivyo.

Maneno ya sahani nilianza nayo mwezi wa kumi na moja. Tulikuwa tunaandika "Mpendwa mteja, tumekukumbuka", watu wanafuta. Siku hiyo nilikuwa na njaa, nikawaza wewe ungeandika nini. Nikaandika hivyo kwa watu arobaini. Walirudi thelathini na moja. Bosi alinipa mkono mbele ya wote. Nilijivuna, dada, Mungu anisamehe, nilijivuna na maneno yako.

Shemeji ndiye Bwana Asante. Laini ile ni mpya, sikuijua. Tangu mwezi wa kumi na moja ameacha, unaona, bado naandika hivyo, amepoteza laki tano na arobaini elfu. Simu yako imo humo. Randa imo. Mara tatu alikaa kimya, mara ya mwisho siku tisa nzima, nafikiri alikuwa anajaribu kuacha. Mara zote tatu nilimwandikia mimi, akarudi.

Na kuna kitu kibaya zaidi. Ule mpango wa biashara wa Sangara Bet tuliowaonyesha wachangiaji una ukurasa wa mteja mzuri wa mfano, ili waone hela yao itarudije. Bosi aliniambia nichague mmoja. Nilimchagua yeye. Niliandika, "mteja huyu hutumiwa ujumbe na kurejea bila kukosa." Wale wa minofu ya samaki walipousoma ukurasa huo ndipo walipotia sahihi. Zile elfu tisini nilizokupigia hesabu ya ndoa yangu na cherehani yako zilikuwa zinatoka mezani kwako.

Kiapo changu hakikuwa cha uongo, kweli hakuna mwanamke. Lakini nilijua na nikakuficha, na nilikuficha kwa sababu ya ng'ombe. Nilisema nikikaa kimya mpaka tarehe 30, nitapata kipande changu, halafu nitamrudishia shemeji kila kitu kimya kimya. Halafu ikaja barua yako na dole gumba. Nimekaa na lile dole gumba siku tatu. Kila nikilitazama naona wino umeganda kwenye alama zako za sindano.

Karatasi ya baba mdogo hii hapa, nakurudishia. Sikuichana kwa sababu ni mwandiko wako.

Akaunti ya shemeji nimeifunga isifunguliwe tena, ndicho kitu cha mwisho nilichofanya kwenye ile kompyuta. Kisha nikamwandikia kwa simu yangu mwenyewe: "Shemeji, huyo Kija ni mimi Ngosha. Nenda nyumbani ukale." Kazi nimeacha. Bwana Otuoma hakukasirika, alinisikitikia tu, alisema mtu mwenye kipaji changu hatakaa sana bila kazi. Ndicho kilichonitisha.

Queen nimemweleza yote. Alichukua sufuria akaenda kuosha, na ilikuwa safi.

Usiponijibu nitaelewa. Lakini nakuomba usimwache shemeji na njaa kwa makosa yangu.

Ngosha


Sengerema
25 Aprili 2025

Kwa shemeji Ngosha,

Salaam. Mimi si mwandishi, utanivumilia.

Ujumbe wako nimeupata siku ile ile. Nilikuwa kiwandani nimekaa kwenye benchi nisilokuwa na randa ya kulisawazisha. Nilisoma nikacheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka.

Nataka ujue kitu kimoja. Mimi sikuwa mjinga. Nilijua huyo Kija ni kampuni, hakuna mwanamke anayekukumbuka saa kumi na moja jioni na anakutajia mechi. Lakini shemeji, pale nilipokuwa nimefika, ni yeye tu aliyekuwa akiniuliza habari zangu nisiangalie chini. "Leo sijala" ilikuwa kweli. Nitaanzaje kula ugali wa cherehani ya Modesta wakati simu yake nimeiuza mimi? Nikawa nasema nimeshiba. Halafu linaingia neno la sahani, namjibu asante, kumbe kwa masikio yangu nilikuwa namjibu Modesta.

Mkeka nilikuwa najaza mimi, vidole vyangu. Sikutupii wewe yote. Ila sikudanganyi, hasira ipo. Itapungua, lakini ipo.

Modesta nilimweleza mwenyewe kabla barua yako haijafika. Hakupiga kelele. Alichukua kile kisimu akakitumbukiza kwenye ndoo ya kudekia, akaendelea kudeki. Ni siku ya saba hasemi nami, na nafahamu kuwa wewe hajakuandikia. Chakula anapika. Anaweka mezani, hafuniki. Nakula kila kitu, hata nikiwa sina hamu.

Nimepata oda ya milango minne ya shule. Natumia randa ya mkono, mabega yananiuma kama nilipokuwa mwanafunzi. Nafikiri inanifaa.

Shemeji yako,
Revocatus


Sengerema
6 Mei 2025

Ngosha,

Nimekaa siku kumi na nane sijakuandikia. Nilitaka nikuchukie. Nilianza vizuri sana, siku ya kwanza na ya pili nilikuchukia barabara, nikavunja na kikombe. Siku ya tatu nikajikuta naomba Paskazia aangalie kama umekonda. Akasema umekonda. Nikamchukia Paskazia.

Sasa nisikilize. Ulichukua kitu nilichokupa ukiwa na miaka sita, ukakitega njiani kama ndoano, na aliyenasa ni mume wangu. Hilo nimelisema mara moja, sitalisema tena, na wewe usinijibu. Wengine thelathini uliowarudisha siku ile nao wana watu waliowapikia. Hao uwakumbuke wewe, mimi siwezi.

Na mimi nina langu. Nilinusa pombe, nikatafuta mwanamke, nikaficha habari ya simu nikasingizia kioo. Mwanaume analala ameangalia ukuta miezi mitano, sikumwuliza hata siku moja "una nini?" Niliogopa jibu. Wewe ulimwuliza kabla yangu, ingawa ulikuwa unalipwa.

Jumatano nilikwenda mwenyewe kwa baba mdogo Shimba. Nyote mmekuwa mkisema ng'ombe ni wa Modesta, haya, nimefanya kama mwenye ng'ombe. Nimeuza lile dume jekundu lililokuwa linapiga wenzake. Randa imerudi, na msumeno, na vimeandikwa jina langu kwa rangi. Asubuhi Revocatus ananiomba, nampa. Jioni ananikabidhi. Juzi alinikabidhi akanisalimia kwa Kisukuma kama siku ya kwanza aliponiona kisimani, nikashindwa kujizuia, nikacheka. Basi tunaongea.

Wamebaki kumi na watatu. Hao ni wa Queen. Umesikia? Si wa leseni, si wa dhamana, si wa mtu yeyote mwenye asilimia. Mwambie baba yake Queen kwamba nimesema mimi dada yako unaaminika, na kama ana wasiwasi avuke aje aniulize, nitamweleza yote na bado nitasema unaaminika. Mtu mwongo angeipeleka ile karatasi yenye dole gumba.

Paskazia anasema unabeba mizigo stoo ya vinywaji. Revocatus ana hiyo milango minne, na mkuu wa shule anataka madawati sitini. Anahitaji mtu wa kumshikia mbao, mwenye mdomo wa kuongea na wateja. Mwenyewe hataki kukuomba, ameniambia nisikuambie, kwa hiyo nakuambia. Mtanuniana siku mbili tatu huko kwenye maranda, hamtakufa.

Yale maneno sitayasema tena, Ngosha. Si kwa hasira. Kila nikitaka kuyasema nasikia kama na mimi nauza kitu. Yalitulea, yameisha.

Kwa hiyo Jumamosi njooni, wewe na Queen, kwa kivuko cha saa nne. Nitapika sato na ugali wa muhogo. Sitafunika sahani ya mtu. Nitaweka mezani wazi, tutakaa wote wanne, wewe ukitazamana na Revocatus, na hakuna atakayetia mkono mpaka aliyechelewa afike. Ukichelewa tutakaa na njaa tunakungoja, na chakula kipoe.

Usile njiani.

Dada yako,
Modesta